Magadi ya Fainali

Jumatatu, 3 Juni
Ameingia fainali! Mita mia nane! Binti yangu, niliyemzaa mimi, si wifi. Nimefunga cherehani mapema, nikapita mtaani polepole ili kila mtu apate nafasi ya kuniuliza kulikoni. Nimewaalika wote uwanjani Jumamosi. Wifi kasema tu kwamba alimwona akimaliza mbio, anahema kama mgonjwa, labda ana mapafu mabovu. Mapafu mabovu! Yeye akipanda ngazi tatu anatafuta kiti.

Jumanne, 4 Juni
Binti kacheka. Eti ukikimbia kwa kasi vile misuli inajaa asidi, ndiyo maana mapaja yanawaka. Damu ina kitu kama magadi ya kupikia, kinaizimua hiyo asidi, inatoka hewa chafu, mapafu yanaipuliza nje. Kumbe kuhema kule ni bomba la moshi — na gari ni zima! Nimemfuata wifi mpaka dukani kwake, nikamweleza mbele ya wateja. Kageuka kuhesabu chenji. Raha!
Kocha anasema wapo wakimbiaji wanaomeza magadi yenyewe kuisaidia damu. Ila kwa kipimo, tena si kujaribia karibu na mashindano. Mwoga yule.

Jumatano, 5 Juni
Vijiko vitatu kwenye maji ya machungwa. Povu likapanda mpaka mezani — nikajua inafanya kazi. "Kunywa, mwanangu, wenzako hawana mama kama huyu." Kanywa.

Alhamisi, 6 Juni
Amekimbia kweli. Chooni. Mlango haujapumzika.
Kocha kaja, kauliza nimeweka vijiko vingapi. Nikasema kimoja. Sauti ikatoka chooni: "Vitatu, kocha! Vya kupakulia!"
Mtoto hana siri.
Kocha hakugusa hata chai. Kesho atamkimbiza mzunguko mmoja. Asipokaa sawa, nafasi anapewa mwenzake.

Ijumaa, 7 Juni
Mzunguko kaumaliza. Miguu ipo, uso kama jivu. Kocha kaitazama saa yake, kasema jibu atalitoa uwanjani, kabla ya mbio.
Nikamwendea wifi, kwa adabu zote, awaambie watu wasijisumbue. Huyo, meno yote nje! "Tusijisumbue vipi, wifi, na basi nimeshakodi? Tunataka kuliona hilo bomba la moshi."
Binti kala uji, umetulia tumboni. Mpaka sasa. Kanishika mkono: "Mama, kesho usinipe kitu. Hata maji."
Sawa. Wanakuja wote, Jumamosi.