Kipimo cha Udongo wa Busasamana

Stuttgart, 11 Februari 2024

Kwa Baba yangu Twahir,

Assalaam alaikum. Natumaini wewe na Mama mko wazima hapo Nengo, Gisenyi, na mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku bado inanilaza na soksi.

Mama anasema kila mgeni akikuuliza ninasoma nini, unajibu "mambo ya magari" kisha unabadilisha mazungumzo. Basi nikueleze. Ninatengeneza lori ndani ya kompyuta. Ninalipatia uzito, matairi, na upepo wa kila tairi. Halafu ninalipitisha kwenye udongo laini ambao pia nimeutengeneza humo humo. Kompyuta inaniambia tairi litazama kiasi gani na kama lori litatoka. Hivyo watu wanajua mapema, kabla ya dereva kuhatarisha uhai wake. Nilikuwa na miaka kumi na tatu siku rafiki yako Harerimana alipopinduka Busasamana. Ulirudi nyumbani na damu yake kwenye shati, naye akapoteza mguu. Kazi hii niliichagua siku ile.

Sasa nimekwama. Nimeijenga humo njia ya Busasamana wakati wa mvua, na lori la tani saba linapita kama liko juu ya lami. Profesa anasema hesabu ziko sawa. Mimi najua ni uongo. Wewe umeiendesha njia ile miaka ishirini na minane. Ninakosea wapi?

Mwanao,
Nasrine

—

Gisenyi, 25 Februari 2024

Mwana wangu Nasrine,

Waalaikum salaam. Tuko wazima, mugongo unauma kidogo mvua ikikaribia, ni kawaida. Mama yako Kaltumu anakusalimu sana. Ni yeye atapiga hii karatasi picha na kukutumia, sababu vidole vyangu na telefone havipatani.

Bon. Mi sikusoma mingi, lakini nitakuambia kitu naona. Kompyuta yako inafikiri tairi zote zinakuta udongo ule ule. Hapana. Tairi ya mbele inakuta udongo vile Mungu aliuacha. Tairi ya nyuma inakuta udongo ule tairi ya mbele imeisha kuharibu. Fasi ingine udongo unakandamizwa, unakuwa mugumu, na tairi ya nyuma inashukuru. Lakini kule bondeni, fasi maji ya volkano yanaleta udongo mupya kila mwaka, juu iko ngozi ngumu na chini iko laini kama uji. Tairi ya kwanza inapasua ngozi, ya pili inaingia mu shimo. Harerimana alizama na tairi za nyuma. Za mbele zilikuwa zimeisha kuvuka.

Iko na habari muzuri pia. Koperative ya viazi ya Busasamana inataka kununua kamiyo mupya, tairi kumi, zote zinasukuma. Prezida wao, Mukandutiye, alikuja mupaka hapa nyumbani akasema, "Mzee Twahir, ni we utaiendesha." Tangu ujana natamani gari ya vile. Ile haitazama hata siku moja.

Baba yako

—

Stuttgart, 6 Machi 2024

Baba,

Assalaam alaikum, na Ramadhani njema inayokuja. Niwie radhi kwa kuchelewa, nimekuwa nikifanya kazi na maneno yako.

Nilimtafsiria profesa barua yako. Aliomba nirudie pale pa ngozi kupasuka, kisha akaniambia, "Huyu mzee anajua kitu ambacho sisi tumekiruka." Sasa udongo wangu unabeba kila kilichoupata: tairi likipita, linalofuata linakuta udongo mwingine. Nimekaa na wahandisi miaka minne, Baba, na aliyenifungulia mlango ni wewe.

Nakuomba jambo. Mwambie Gisa mchomeleaji akunolee nondo ncha moja, akuwekee chuma kizito cha kupanda na kushuka juu yake. Mvua ikinyesha, nenda pale bondeni, pima mahali ishirini. Kila mahali uangushe chuma, uhesabu ni mapigo mangapi mpaka nondo ishuke shibiri moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Andika yote. Na nipe uzito wa lile lori la ushirika.

Nasrine wako

—

Gisenyi, 31 Machi 2024

Mwana wangu,

Salaam. Saumu inaenda vizuri, njaa haijaniua. Karatasi ya vipimo iko nyuma ya hii, pamoja na uzito wa kamiyo.

Nilipima siku mbili. Watu walisema Mzee Twahir anatafuta dhahabu. Mukandutiye mwenyewe alikuja kusimama na mwavuli, anahesabu mapigo na sauti. Fasi ya kumi na moja ilinishangaza. Mapigo tisa, nondo inakataa kuingia. Pigo la kumi, ikashuka yenyewe, ikabaki kichwa tu. Yewe. Miaka ishirini na minane napita juu ya huu udongo na sikujua iko namna hii ndani.

Nilipenda hiyo kazi, nakuambia ukweli.

Baba yako

—

Stuttgart, 20 Aprili 2024

Baba yangu,

Assalaam alaikum. Natumaini Idi ilikuwa njema na Mama alipika ule wali wake.

Hii barua nimeiandika mara tatu. Nilichukua vipimo vyako nikalipitisha lori la ushirika mara arobaini. Nilibadilisha upepo, mwendo, mzigo. Mara thelathini na saba linazama mahali pa kumi na moja, matairi ya nyuma, shibiri nne. Uzito wake unapasua ngozi, na kwa kuwa lina matairi mengi nyuma, kila moja linachimba zaidi ya lililotangulia. Ni somo lako lile lile ndilo linalolizamisha. Gari jepesi la matairi manne mapana, upepo ukipunguzwa na mzigo ukigawanywa, linapita kila mara.

Najua ulivyolitamani lori lile. Ningefurahi kama kompyuta ingekuwa imekosea. Lakini nakuomba usilipande.

Mwanao,
Nasrine

—

Stuttgart, 2 Juni 2024

Baba,

Assalaam alaikum. Mama anasema u mzima na unakula. Kutoka kwako mwenyewe sijapata neno. Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Hesabu siwezi kuzibadilisha.

Nasrine

—

Gisenyi, 9 Julai 2024

Nasrine,

Waalaikum salaam. Mi niko muzima. Nilikasirika, ndiyo sababu nilinyamaza. Nilisema, mutoto nimemufundisha kushika usukani juu ya magoti yangu, leo ananiambia gari gani itazama. Barua yako niliitia mu mufuko wa koti, sikumuonyesha mutu.

Lakini ile karatasi ya vipimo ilibaki mezani. Kila nikinywa chai naiona. Fasi ya kumi na moja, ni mukono wangu uliandika. Kama nakataa hesabu yako, nakataa mukono wangu. Donc siku ya mukutano wa koperative nilisimama. Mukandutiye akauliza, "Mzee, ni we tulisema utaiendesha. Leo unasema nini?" Nikasema, "Nasema tusiinunue. Mutoto wangu ameipitisha mara arobaini bila kuumiza mutu. Mi ningeipitisha mara moja tu." Walibishana mupaka adhuhuri. Mwisho walichukua gari mbili ndogo, tairi pana.

Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu. Kuiacha ile kamiyo iliniuma. Leo hainiumi tena.

Baba yako

—

Gisenyi, 24 Novemba 2024

Mwana wangu mupenzi,

Salaam nyingi. Tuko wazima, shukrani kwa Mungu, na Mama yako anauliza kama unakula vizuri.

Alhamisi, kiisha mvua ya siku tatu, nilipita bondeni asubuhi na gari letu dogo, gunia kumi na tano, upepo nimepunguza vile uliandika. Udongo uliinama kidogo, ukaniachia. Saa nane ikakuja kamiyo ya mutu wa mbali, tairi kumi, imejaa mbao. Nilimusimamisha dereva. "Ndugu, hapa usipite." Akacheka. "Mzee, hii mashine iko na nguvu." Akapita. Za mbele zilivuka. Za nyuma zikashuka, fasi ya kumi na moja, na kamiyo ikabaki imeinama upande. Haikupinduka. Dereva, jina lake Karenzi, alitoka muzima. Tulimusaidia kushusha mbao mupaka kamiyo ikatoka.

Kiisha nilipima lile shimo. Shibiri nne na vidole viwili. Nilikaa juu ya jiwe. Mi huu udongo niliujua kwa kuuzamia. We uliujua bila kuchafua viatu, na miaka mitano hujafika hapa.

Kesho yake, pale kamiyo zinalala, madereva walinizunguka, wanataka kusikia ile barua ya Aprili. Niliwasomea yote, hata pale unaniomba nisipande, sikuruka neno. Hakuna mutu alicheka. Karenzi ndiye aliuliza, "Na mulima wa Kanama, binti anasema nini?" Nikamujibu, "Hajasema kitu. Hakuna mutu amemupimia."

Bon. Kesho asubuhi tunapanda Kanama, madereva sita. Gisa ameisha kutunolea nondo ingine tano. Andaa nafasi mu kompyuta yako.

Baba yako,
Twahir