Zamu ya Jumamosi, Zamu ya Jumapili

Jumamosi, 5 Machi 1994
Matope mpaka magotini. Zamu ya Wakatoliki. Wamekuja kumi na wanne, wa kujitolea, kila mtu na jembe lake. Kiongozi wao Matiku anapiga kelele kuliko anavyochimba. Tunaziba mfereji kwa mawe na udongo wa kichuguu.

Mfereji huu niliupima mimi, enzi nikiwa bwana shamba kijana. Tulikausha mbuga hii ya majimaji tulime pamba. Nikasifiwa. Pamba ikakubali misimu michache, kijito kikafa. Sasa akina mama wanafuata maji mwendo wa saa mbili kwa mguu. Aibu yangu. Nimepunguzwa kazini, muda ninao.

Jumapili, 6 Machi
Zamu ya Wasabato. Wao Jumamosi hawashiki jembe, Wakatoliki hawashiki Jumapili. Vikundi havikutani hata siku moja. Anayejua kazi ya pande zote ni mimi tu. Perusi, kiongozi wao, na wenzake wamepanda matete ukingoni. Wameyaleta kwa baiskeli kutoka Mto Mara. Kachoka vibaya yule mama, lakini anaimba.

Jumatano, 9 Machi
Mwenyekiti wa kijiji kanipitia. Kuna mfanyabiashara wa Nyakato, kule Musoma, ana pampu, anataka mbuga yote alime vitunguu. Soko huria, kila mtu na lake. "Bwana shamba, mpaka Pasaka nione maji yamesimama. La sivyo nampa." Nimesema sawa.

Jumamosi, 12 Machi
Yamesimama! Kidogo, lakini yamesimama. Matiku kavua shati kacheza. Jioni nimesikia vyura. Nilikuwaga nawasikia zamani, nikawasahau kabisa.

Ijumaa, 18 Machi
Msiba Kamunyonge, Musoma mjini. Shemeji yangu. Naondoka sasa hivi. Nimemwambia Matiku kesho ainue tuta tulilozibia mfereji. Kwa Perusi sikupita, gari lilikuwa linaondoka.

Jumatatu, 21 Machi
Nimerudi. Heri nisingeenda.

Jumamosi Matiku kainua tuta. Mvua ikanyesha, maji yakapanda vizuri, kama tulivyotaka. Jumapili Perusi akakuta matete yake yamezama yote. Akaogopa yataoza. Akachimba kijia pembeni, kidogo tu, maji yapungue. Maji yakala udongo. Tuta lote limekwenda, matete yamekwenda, na mfereji una kina kuliko mwanzo.

Matete hayafi kwa maji ya siku mbili. Nani alimwambia? Hakuna. Mimi ndiye nilipaswa kumwambia.

Alhamisi, 24 Machi
Matiku anasema Wasabato wametuhujumu makusudi. Perusi analia. Nimekwenda kwa wote wawili kusema kosa ni langu. Wananipa chai, wananisikiliza, kisha wanaendelea pale pale. Pole zao zinanichoma.

Jumamosi, 26 Machi
Wamekuja wawili. Saa nne wakaondoka.

Jumapili, 27 Machi
Hakuna mtu. Nimeshindilia udongo peke yangu mpaka mgongo ukakataa. Maji yanapita tu. Nimeyatukana. Mtu mzima.

Jumanne, 5 Aprili
Pasaka imepita. Mwenyekiti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Trekta limeleta pampu. Mfanyabiashara mtu wa adabu, kanipa shikamoo. Sikupata hata sababu ya kumchukia.

Jumatano, 13 Aprili
Mawingu, hakuna mvua. Nimepita mbugani kwenda dukani. Wanaotesha vitunguu. Vibarua nawajua wote. Matiku yupo, Perusi yupo, na wenzao, Wakatoliki na Wasabato mstari mmoja. Matiku anachoma mashimo kwa kijiti, Perusi anafuata na miche. Wanataniana. Kazi inakwenda vizuri sana.

Perusi kanipungia mkono. Nami nikapunga. Nikanunua chumvi, nikarudi kwa njia ya juu.