Ukingo Nilioukata

Jumatano. Jua limechoma tangu asubuhi, na upepo wa kiangazi umejaza vumbi kila kona ya duka. Sikufanya kazi yoyote ya maana leo. Nyundo nimeishika mara mbili nikaiweka chini.

Nataka kuandika yaliyotokea tangu Alhamisi iliyopita, kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Kazi yangu ni kutia picha fremu. Niliirithi kwa marehemu baba, hapahapa Gongoni, Tabora. Siku hizi watu huniletea pia picha za wapiga picha wenye majina, niwaambie zikiuzwa tena zitapata nini. Wazungu wanaohama huwaachia wapishi na makarani wao, na wapo mawakala wanaopanda treni kutoka Dar es Salaam kuja kuzitafuta.

Mimi huanza na mgongo wa picha, nione karatasi. Kisha nachungulia kwa kioo cha kukuzia. Nikikuta vitone vidogo kama vya picha za gazeti, najua imetoka mtambo wa kupiga chapa, na hiyo ni pambo tu la ukutani. Isipokuwa na vitone, naangalia kama imesafishwa kutoka kioo chenyewe cha mpiga picha, yaani negativu yake, au kama mtu amepiga picha ya picha. Hii ya pili weusi wake huwa mzito mno. Mikunjo ya nguo huioni. Mwisho naangalia ukingo mweupe wa chini, maana huko mpiga picha huandika kwa penseli jina lake na namba ya nakala. Maandishi hayo madogo hupandisha bei mara nne, hata tano.

Hayo nayajua leo. Nilipokuwa najifunza kazi sikuyajua.

Alhamisi alikuja Mwalimu Yohana kutoka Bukene. Ni mzee wa Kimoraviani aliyesomesha watoto miaka mingi, na sasa mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Binti yake, Raheli, alimshika mkono mpaka mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za baba kwa kuwa hakujua kwamba alishafariki. Kisha Raheli akafungua blanketi, ikatoka picha ya wapagazi wamepumzika kwenye njia ya Ujiji, mizigo imeegemezwa, mmoja anajikanda mguu.

Mwalimu akaeleza kwamba alipewa na daktari Mzungu ambaye yeye Mwalimu alimfundisha Kiswahili, kabla daktari hajarudi kwao. Aliyeipiga ni mtu mashuhuri, na nakala chache alizisafisha mwenyewe uzeeni. Sasa anataka kuiuza. Kuna hospitali ya misheni wanapasua macho, lakini ni mbali, na lazima Raheli aende naye akae huko mpaka apone.

Niliigeuza. Mgongoni kulikuwa na gundi yetu na alama ya penseli ya duka letu.

Nikakumbuka palepale. Mwalimu aliileta dukani wakati mimi bado najifunza, siku ambayo baba alikuwa na homa nyumbani. Fremu iliyokuwa tayari ilikuwa fupi kwa vidole viwili. Sikutaka kutengeneza nyingine, kwa hiyo nikachukua kisu nikakata ukingo wa chini. Ulikuwa na maandishi ya penseli. Nilidhani ni uchafu. Niliufagia pamoja na maranda.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, uso ameuelekeza kwangu, anangoja.

Nikamwambia ni nakala ya kawaida. Nikamwambia nyingi zimezagaa, haitapata kitu kikubwa.

Hakubisha. Alisema mimi ndiye ninayeona, basi niiuze kwa bei nitakayoipata. Raheli alinitazama kidogo, kisha akakunja blanketi.

Nakiri kwamba wakati ule sikuona hata aibu. Nilichoona ni nafuu, kwa sababu mzee hakuwa na macho ya kunigundua.

Jumamosi nilimpelekea picha wakala mmoja aliyefikia hoteli ya karibu na stesheni. Ni mtu mpole, na kazi yake anaijua. Aliisogeza dirishani akaitazama muda mrefu. Akaniambia haina shaka, imesafishwa kutoka kioo cha asili, na karatasi ni ileile aliyoitumia mpiga picha uzeeni. Kisha akapitisha kidole pale chini.

"Aliyekata hapa hakujua anakata nini," alisema. "Bila sahihi siwezi kumshawishi mtu yeyote. Nitakupa bei ya pambo."

Nilisema nitafikiri. Nikaondoka na picha kwapani. Siku nzima ya Jumapili nilijisemea kwamba bei ya pambo ndiyo niliyomwahidi Mwalimu, hivyo sikumdanganya. Nilijisemea mara nyingi mno. Mtu mwenye haki hahitaji kurudia hivyo.

Jumatatu nikapanda treni ya Mwanza.

Bukene nilimkuta Mwalimu barazani kwake, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Alinitambua kwa sauti, akadhani nimeleta fedha, akamwita Raheli aniletee maji. Sikuyanywa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: siku ya homa ya baba, fremu fupi, kisu, maandishi, na uongo wa Alhamisi. Uongo wa Alhamisi niliuweka mwisho.

Mikono yake iliacha mahindi.

"Watu wote wamo?" akauliza. "Hukumkata mtu?"

"Wote wamo, Mwalimu. Ni ukingo mweupe tu."

"Yule anayejikanda mguu?"

"Yumo. Mguu wake wote umo."

Akashusha pumzi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba wakati wa kukata nilikuwa mtoto, na hilo halihesabiwi. Lakini Alhamisi nilikuwa mtu mzima.

Raheli ndiye aliyeuliza kama barua ya daktari ingefaa kitu. Sikujua kama kuna barua. Aliingia ndani akaitoa kwenye sanduku la nguo, imekunjwa kwenye bahasha yenye stempu za Ulaya. Daktari alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake cha kukwaruza kwamba picha aliyomwachia rafiki yake ni nakala ya saba, yenye sahihi ya mpiga picha kwa penseli chini, na akaeleza picha yenyewe mtu kwa mtu, mzigo kwa mzigo.

Jana tulirudi Tabora wote watatu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu. Mwalimu alisema hilo moja analidai, mengine ameyaacha.

Leo asubuhi wakala aliisoma barua mara mbili. Akasema inasaidia, lakini mnunuzi atauliza sahihi ilienda wapi. Lazima aliyekata aandike.

Nikaandika mbele yao. Kwamba mimi, Zuhura binti Salum, mtia fremu wa Tabora, nilikata ukingo wa picha hii kwa kutojua, ulikuwa na maandishi ya penseli, na nikautupa. Nikatia sahihi. Wakala akaibandika karatasi yangu pamoja na barua mgongoni mwa picha, akasema picha ikiuzwa mara kumi, karatasi hizo zitafuatana nayo mara kumi. Akatoa nusu ya bei ambayo ingepata kama ingekuwa nzima. Nilijaribu kumpandisha, hakupanda.

Raheli alihesabu, akamnong'oneza baba yake. Inatosha safari na hospitali. Wataondoka Jumatatu.

Nusu nyingine haipo. Nilimwambia Mwalimu nitailipa kidogokidogo kwa kazi yangu. Akakataa, na hakukataa kwa upole. Alisema hataki niwe napunguza Alhamisi yangu kila mwezi kwa shilingi mbili tatu. Nimeyabeba maneno hayo mchana kutwa.

Fremu wakala hakuitaka. Mwalimu akaomba aichukue, akaivaa begani kama mtu aliyebeba upinde. Nilimuuliza ataweka nini ndani.

"Nikiona, nitachagua," akasema. Wakaelekea stesheni, warudi kwanza Bukene kujiandaa.

Sasa nawaza mwaka ule wa kujifunza. Picha ngapi zilipita mikononi mwangu, na ngapi zilikuwa ndefu kuliko fremu? Mbili nazikumbuka vizuri. Moja iko kwa padre mmoja kule Kipalapala. Nyingine iko nyumba ya tatu kutoka hapa, na mwenyewe hunisalimu kila asubuhi akienda msikitini.

Kesho nitaanza na hiyo ya karibu.