Mchanga wa Nyumba ya Nzuguni

Kibakwe, Jumatano

Kaka Batholomeo, shikamoo.

Mwenyekiti wa kijiji ametangaza leo kwamba visima tulivyochimba kwenye mchanga wa mto vimekauka. Malori yamezoa mchanga mpaka mwamba umebaki wazi. Tulivizungushia miiba, wenye malori wakaiondoa. Watoto hawana tena pa kuchezea jioni.

Jana sisi wanawake tulizuia lori moja. Dereva akacheka: "Dada zangu, mzigo huu ni wa Batholomeo, anajenga huko mjini, Nzuguni. Si mtu wenu huyo?" Wote wakanigeukia. Mama yetu akamjibu: "Mwambie nyumba ikiisha anikaribishe. Nitakuja na ndoo zangu."

Mchanga ule ndio unaotutunzia maji ya kiangazi. Unajua, umekulia hapa.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi, saa nne asubuhi, shuleni. Njoo ujieleze mwenyewe. Mimi sitakutetea.

Mdogo wako,
Yudith