Vigae vya Kisima cha Uani

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nikisema, baba yangu alikuwa hajala kwetu. Tangu harusi amepita hapa mtaani kwetu Kasingirima mara kadhaa akitoka kwake Ilagala kuleta dagaa, na kila mara anakunywa maji akiwa amesimama, kisha anaaga. Leo ni Jumamosi, mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi bila hata tone la mvua, na mimi naandika huku mashavu yakiniuma kwa kutabasamu.

Sababu ya baba naijua. Hajawahi kuielewa kazi ya mume wangu. Idrisa alisomea mambo ya kale, na msimu mmoja alikwenda Ugiriki kusaidia kuchimba mji wa zamani. Baba aliposikia kwamba kule alikuwa akiosha vigae vya vyungu vilivyotoka kwenye visima na mashimo ya taka, aliniuliza mbele ya shangazi zangu, "Mwanangu, takataka za watu ndizo amezifuata kwa ndege?"

Aliniozesha akiwa na swali hilo kichwani.

Mimi hadithi za visima ndizo zilizonimaliza. Wakati wa uchumba tulikuwa tunakaa ufukweni, naye ananieleza kwamba chini kabisa ya kisima cha Wagiriki, kwenye tope, kuna mitungi iliyoponyoka kwenye kamba watu wakiteka maji. Juu yake kuna taka zilizotupwa kisima kilipoachwa. Na kwa kuwa vyombo vyao vilibadilika umbo kizazi hadi kizazi, shingo ya mtungi hivi, mdomo wa kikombe vile, mjuzi akivitazama vigae anaweza kusema kisima kilifungwa enzi zipi. Niambie, mwanaume anayeongea hivyo kuhusu kikombe kilichovunjika, mke wake ataongelewaje?

Basi uani kwetu kuna kisima kilichofukiwa zamani. Bomba likikatika tunahangaika, kwa hiyo wiki hii Idrisa na fundi wamekuwa wakikifukua. Taka za kila kina zina karai lake, hataki zichanganyike. Muoshaji ni mimi. Bi harusi mzima nanuka tope, na sijawahi kujiona mzuri namna hii!

Baba alitukuta hapo hapo. "Mwakeye," akasalimu kikwetu, akainamia makarai, akaokota kigae cha bakuli jeupe lenye maua ya bluu. Akasema bakuli kama hilo ni la enzi za babu yake, kwa hiyo na kisima kilifungwa enzi za babu yake. "Hili nalo linahitaji Ugiriki?"

"Samahani, baba," Idrisa akasema. "Mimi naona si hivyo."

Baba yangu habishiwi.

Bibi yake Idrisa, aliyekuwa anachambua mchele barazani, akadakia, "Msiniulize! Jibu ninalo. Semeni kwanza nyinyi, nimjue mwongo ni nani."

Baba akacheka kidogo, kisha akakaza uso. "Mkwe akipatia, leo nakula hapa. Akikosa, asinifundishe tena mambo ya mabakuli."

Nilitamani kumziba baba mdomo. Akikosa je? Nitaishi vipi kati ya wanaume wawili ninaowapenda, mmoja akimdharau mwenzake maisha yote?

Idrisa hakuharakisha. Alichukua kigae kutoka karai la juu na kingine kutoka karai la chini kabisa, ambavyo mimi mwenyewe niliviona asubuhi kwamba vinaoana. Akaviunganisha. Chombo kimoja! Maana yake, akasema, taka zote zilitupwa kwa mkupuo mmoja, si miaka kwa miaka. Kisha akatoa kwenye karai la chini kipande cha kikombe cha plastiki chekundu. Kule Ugiriki walimfundisha asidanganywe na kitu cha zamani kuliko vyote, atafute kile kipya kuliko vyote. Kisima hiki hakikufungwa kabla plastiki haijaingia kwenye nyumba za hapa.

"Na bakuli?" baba akauliza.

"Bakuli lilikaa kabatini, baba. Mpaka lilipovunjika."

Baba akakigeuza kigae mkononi, na nilijua anawaza nini. Kwetu Ilagala vyombo vya harusi vya marehemu mama bado viko kabatini. Vinafutwa vumbi kila Idi, na havijawahi kutiwa wali. Baba hataki hata mgeni aviguse.

"Yaani," akasema polepole, "bakuli la mama yake mkeo likivunjika kesho, nikalitupa pamoja na chupa ya plastiki..."

"Atakayechimba aitazame chupa," Idrisa akamalizia.

Bibi akapiga kigelegele hadi mchele ukamwagika. "Mume wangu huyo! Kisima nilikifukia mimi na mawifi zangu, bomba lilipofika mtaani. Kikombe hicho alikivunja baba yake huyu, nikamchapa! Mke mwenzangu, unangoja nini? Pakua!"

Nikapakua. Ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka kwa mawese. Baba akanawa, akakaa mkekani, akala. Akaongeza! Na huku anatafuna akamuuliza Idrisa kama mitungi ya Wagiriki ilikuwa na mkono mmoja au miwili.

Mume wangu ameshinda, na baba yangu hakushindwa.

Wakati wa kuaga hakunigeukia mimi, alimshika Idrisa mkono. Alisema nyuma ya nyumba yetu ya Ilagala kuna shimo la taka ambalo mama yake mzazi alikuwa akilitumia, na angependa kujua alikuwa akipikia vyombo gani, maana alifariki baba akiwa mdogo sana. "Njoo uniangalizie," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nilikimbilia jikoni nikalia peke yangu, machozi ya raha tupu.

Makarai yako tayari, nimeshayasugua. Baba, tunakuja Ilagala kabla mwezi huu haujaisha.