Hiyo Taa Ina Breki?

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, nikakaa nasubiri uitikie.

Baba anasema ulikuwa na haraka. Anairudia kila jioni, kwa sababu ndivyo dereva wa lori alivyoandikisha polisi: mama aliingia barabarani ghafla. Majirani nao wameshaipokea. Wewe, Mama! Wewe uliyekuwa unavukia kule mbele ya fundi wa mageti, mbali na taa za Chang'ombe, unasimama hata dakika kumi. "Pale kwenye taa gari linakutokea hadi mgongoni," ulisema. Nikakucheka. Nikakwambia watu wenye akili wanavukia kwenye zebra, taa ikiruhusu.

"Haya, msomi wangu. Hiyo taa ina breki?"

Jumamosi ile tulipokwenda kununua vitambaa vya sare zako za kwaya, nilitangulia kuvuka. Nilipogeuka nikakuona unaelekea kwa fundi. Nikaona aibu. Aibu tu, Mama, watu walikuwa wanatuangalia. Taa ilipowaka tena nikaita, "Mama, rudi! Vukia hapa, njoo!"

Ukarudi. Ukaja. Taa yako ilikuwa ya kijani, na ya lori lililokuwa linakata kona kushoto ilikuwa ya kijani pia. Kumbe zinawakaga pamoja. Dereva amekaa juu kule, wewe mfupi, uko chini kabisa ya pua ya lori. Lilipunguza mwendo kwenye kona, ukadhani amekupisha. Ulinyoosha mkono kumshukuru.

Polisi waliponiuliza nilisema sikuwa naangalia.

Niliangalia, Mama. Niliona kila kitu. Lakini nikisema taa ilikuwa yako, ile hadithi ya haraka inaanguka, na Baba ataniuliza ulifuata nini pale, maana anajua hukuwahi kuvukia pale. Atajua nani alikuita. Kwa hiyo nimekuacha uitwe mzembe, wiki ya sita sasa. Siku hizi navukia kwa fundi. Jana nilisimama mpaka akanitania, "Sista, unavuka au unalinda mageti yangu?" Nikalia mbele yake.

Kesho asubuhi namwambia Baba kwanza. Halafu naenda kituoni kubadilisha maelezo yangu: taa ilikuwa yako, sauti ilikuwa yangu. Baba akinichukia sijui nitakwenda wapi. Lakini nitasema, Mama. Nakuahidi.

Pumzika sasa. Sitakuita tena.

Msomi wako