Sahani Zako za Mwisho

Dada Salome,

Nimerudi kutoka kukuzika na nimekuta sahani zako za maabara zimeiva rangi.

Nilitaka kuanza na salamu na habari za watu wa maabara, lakini hili ndilo limenijaa kifuani. Hamira uliyoimwaga humo siku yako ya mwisho kazini iliendelea kugawanyika kwenye kabati la joto huku wewe umelala wodini, hujui nani ameingia nani ametoka. Asubuhi tuliyoanza safari ya kukupeleka kwenu, ng'ambo ya mpaka, nilipitia maabara nikazihamishia kwenye friji. Sikujua nifanye nini kingine. Zimekaa huko kwenye baridi zikikolea rangi taratibu, kama ulivyokuwa ukisema. "Usihesabu leo, mdogo wangu. Hizi vitu ziko na saa yao." Nami sikuzote nilitaka kuhesabu mapema, na wewe unanifungia mlango wa friji kwa goti huku unacheka.

Mama yangu aliposikia umetutoka, alifunga mlango mmoja wa duka lake, akakaa juu ya gunia la mchele. Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuleta kwetu Kisenyi? Alikuuliza kazi yetu ni nini hasa, ukamwambia hamira. Akanigeukia: "Miaka yote hiyo chuoni ni hamira? Si ningekufundisha mimi hapa, na mandazi ungekula." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukamweleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa darasani. Ukamwambia kwamba ndani ya kila seli mna nyuzi, na seli ikitaka kugawanyika lazima kwanza inakili nyuzi zake. Kwamba kuna mahali padhaifu kwenye uzi, na hapo ndipo hukatika wakati wa kunakili. Uzi ukikatika, seli hutafuta uzi mwenzake unaofanana nao, ikaazima kilichopotea, ikaunga. Mara nyingine katika kuunga huko nyuzi hubadilishana vipande, na seli mbili zinazozaliwa zinatoka tofauti: moja huzaa nyekundu, nyingine nyeupe. Ndiyo maana kati ya vidoa vyote vya waridi vinavyoota kwenye sahani, kila kimoja ukoo wa seli moja, tunatafuta kimoja chenye nusu hii na nusu ile. "Nikikiona hicho, mama, najua uzi ulikatika na ukapona." Mama akasema "kale", yaani sawa kwa Luganda, akakuongezea chai.

Kwa hiyo ulipougua hukuhitaji daktari akufafanulie. Saratani ya damu, kipande cha uzi mmoja kimeungwa kwenye uzi usio wake. Uliniambia ukiwa kitandani, unachovya mandazi ya mama kwenye chai kwa sababu mdomo wako ulikuwa na vidonda. "Wameunga vibaya tu, Zuhura." Ulisema kama unamzungumzia fundi cherehani aliyekuharibia gauni. Nilicheka kwa kuwa ulitaka nicheke. Nilipofika kwenye ngazi nililia mpaka askari wa mlangoni akaniletea kiti chake.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Profesa wetu ameomba friji isafishwe. Hana ubaya, rafu zinahitajika, na sheria unaijua kuliko mimi: chochote kilicho hai kinapikwa kwenye sufuria ya presha mpaka kife kabla ya kutupwa. Wenzetu walisema watafanya wao. Nilikataa, halafu nikashindwa hata kufungua friji. Salome, hizo seli ndizo kitu cha mwisho ulichokiacha hai, na mtu wa kuwasha moto ni mimi.

Jana nilizitoa, nikaziinua moja moja dirishani kama unavyofanya wewe. Ulivyokuwa ukifanya. Kila sahani ina mahali patupu pembeni, upande wa kulia, ambapo hapakuota kitu. Ni pale mkono wako ulipotetemeka ukashindwa kufika ukingoni. Siku ile niliuona. Nilinyoosha mkono nikupokee, ukasema, "Wacha. Hii bado naweza." Nikakuacha, na nashukuru nilikuacha.

Kwenye sahani ya mwisho, karibu kabisa na hapo patupu, kipo. Kidoa kimoja, nusu nyekundu, nusu nyeupe, mpaka wake umenyooka. Tumekitafuta tangu mvua zilizopita. Niligeuka kukuita, na jina lako lilishanitoka mdomoni. Wenzetu wakageuka kunitazama. Hapa sasa ni Kiingereza na Luganda tu, sina wa kumwambia uzi umepona akaelewa ninachosema.

Nimegusa kila upande wa kidoa kwa kijiti nikaupanda upya. Seli zikiota nitaziweka kwenye friza kwa jina lako, na Profesa amekubali. Nyingine zote nimezipika mwenyewe. Nilisimama pale mpaka mvuke ukaisha, chumba kinanuka kama mkate ulioungua. Kisha niliosha vyombo.

Kaka yako amekuja kuchukua vitu vyako kule chumbani kwako Bukoto. Amenipa koti lako la maabara. Ni refu kwangu, nimekunja mikono yake.

Lala, dada yangu. Umechoka sana mwaka huu. Nakuahidi kazi itaendelea, na sitahesabu kabla rangi haijakolea hata wakinisukuma. Nitakayemfundisha nitamfundisha kwa maneno yetu. Na kuanzia kesho nitaeneza hamira mpaka ukingoni, pande zote, kama ulivyonionyesha.

Ila leo nimemwaga sahani ya kwanza bila wewe. Najua ungenigombeza. Pembeni, upande wa kulia, nimeacha mahali patupu.

Mdogo wako,
Zuhura